Goti linauma nikishuka ngazi na presha nameza dawa: nitaweza kufika Ziwa Ngosi?

"Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 46, naishi Dar, kazi yangu ni ya kukaa ofisini kutwa. Tumepanga na mume wangu na kijana wetu wa miaka 11 twende Mbeya mapumziko ya Pasaka, mwezi wa nne, tukapande Ziwa Ngosi, na tunataka tushuke mpaka kwenye maji kabisa sio kuishia juu kupiga picha. Shemeji yangu alishaenda anasema ni saa moja tu, yeye alipanda na sendo. Shida yangu goti la kulia linauma nikishuka ngazi, kupanda haliniumi. Presha ninayo, nameza vidonge kila siku na imetulia. Alafu kuna dada ofisini ananiambia lile ziwa linatoa gesi inayoua na kwamba wenyeji wenyewe hawaliamini. Je tutaweza? Tuvae nini na tubebe nini?"

Salama dada, na umefanya vizuri kuitaja presha mapema, mana wengi wanaificha alafu wanakuja kunitajia tukiwa tayari msituni wanahema.

Nianze na jibu lenyewe usije ukachoka kusoma. Kufika juu kwenye ukingo, pale unapoliona ziwa lote liko chini yako, kwa maelezo uliyonipa naamini utaweza, hata ukienda taratibu sana. Kushuka mpaka majini mwezi wa nne na goti hilo, hapana, mimi nisingekupeleka. Kushuka majini mwezi wa saba au wa nane, goti likiwa limeshaangaliwa na mtu anayejua magoti, hapo tunaweza kukaa tukaongea.

Shemeji yako hajakudanganya, ila amekupa nusu ya safari. Ukitoka Mbeya mjini unapita Uyole, unashika barabara ya Tukuyu, unapandisha safu ya Uporoto mpaka Isongole, kilomita thelathini na kitu hivi. Hapo unaacha lami unaingia barabara ya vumbi (mwezi wa nne ni ya tope) katikati ya mashamba ya viazi, kilomita kama tano au sita mpaka msitu unapoanzia, na wengi wanapanda bodaboda kipande hicho. Toka hapo ndio mnatembea. Njia inapanda ndani ya msitu mnene, mianzi, migomba pori, miti mikubwa iliyovaa kuvu na ndevu za kijani, na baada ya saa moja au moja na nusu mnatokea ukingoni. Hiyo ndio "saa moja" ya shemeji. Ila ziwa haliko pale. Ziwa liko chini, ndani ya shimo la volkano lenye upana wa kilomita tatu hivi, na kutoka ukingoni mpaka kwenye maji ni ukuta wa msitu unaoshuka zaidi ya mita 200. Ukitaka picha yake, ghorofa moja ya jengo tukiihesabia mita tatu, hizo ni ghorofa sitini na kitu, bila ngazi.

Sasa hapa ndipo watu wanapoishiwa, na ndio kitu kikubwa nachotaka ukielewe kuhusu Ngosi. Milima mingi ukishafika kileleni kazi ngumu imeisha, unarudi chini unapiga stori. Ngosi iko kinyume. Ukifika majini umefika mahali pa chini kabisa, miguu imeshatumika kupanda na imeshatumika kushuka, umekaa kidogo umepoa jasho limekuwa baridi, na njia pekee ya kurudi nyumbani ni ule ule ukuta kwenda juu. Hakuna barabara kwa chini, hakuna boti, hakuna gari litakalokufuata. Ukiumia pale ubavuni watu wanakubeba kwa mikono, na wanakubeba kwenda juu. Kwahiyo swali la kujiuliza ukiwa ukingoni ni kama utaweza kupanda tena baada ya kushuka, mana kushuka kila mtu anashuka, hata kwa makalio.

Na sitanii kuhusu makalio. Kile kipande ni udongo mweusi wa majivu ya volkano uliochanganyika na majani yaliyooza, mvua ikinyesha unashika maji na ukikanyagwa na watu wawili watatu wa mbele yako, wa nne hana pa kuweka mguu. Mnashuka mkishikilia mizizi na mashina, kuna mizizi pale imelainika kabisa kwa mikono ya watu. Kuna sehemu lazima ugeuke uelekee mlima ushuke kinyumenyume. Mkono ukiteleza kwenye mzizi uliolowa ndio mambo yanaharibika.

Tuje kwenye goti. Umesema kitu muhimu sana, kwamba kupanda haliumi, kushuka ndio linauma. Watu wengi wanadhani goti linaloruhusu kupanda ni zima na wanajipa moyo na hilo. Ukipanda, msuli wa mbele wa paja unafupika ukikusukuma juu, na mzigo unaenda polepole. Ukishuka, ule ule msuli unafanya kazi ya breki, unavutwa urefuke huku umekaza ili mwili usidondoke wote kwa mara moja, na kadri goti linavyokunjwa ndivyo ile pia ya goti (kile kifupa cha mviringo cha mbele) inavyokandamizwa kwenye mfupa wa paja kwa nguvu inayozidi uzito wako mara kadhaa, tena kila hatua. Ndio mana ngazi za ofisini kwenda chini zinakuonyesha tatizo ambalo ngazi za kupanda zinalificha. Sasa ngazi za ofisini ni ghorofa mbili tatu, zikiwa kavu, na una chuma cha kushikilia.

Sitaki kukutisha, maumivu ya namna hiyo kwa mtu anayekaa kutwa mara nyingi yanatokana na paja na nyonga kuwa dhaifu, na yanapungua vizuri mtu akifanya mazoezi. Ila mimi siwezi kulishika goti lako kupitia maandishi. Nenda kwa mtu wa fiziotherapia, hospitali nyingi kubwa Dar wapo, akuangalie ana kwa ana. Na kuna dalili ambazo ukiwa nazo usisubiri wala usianze mazoezi yangu: goti linavimba baada ya kutembea, linakwama halikunjuki, au linakuachia ghafla kama linataka kukuangusha. Hilo la mwisho kwa Ngosi ni hapana moja kwa moja, hata ukingoni nisingependa.

Akishakuambia hamna kilichoharibika, anza kujiandaa wiki nane kabla, sio wiki moja. Acha lifti kwenye kushuka, sio kupanda tu. Shuka ngazi taratibu kwa makusudi, mguu mmoja unatua kwa kuhesabu mpaka tatu. Wikendi nendeni familia nzima msitu wa Pugu Kazimzumbwi kule Kisarawe, ni karibu, una vilima vya kutosha, na mtapata kujua viatu vipi vinawabana kabla hamjafika Mbeya. Ukimaliza siku nzima Pugu ukaamka kesho yake goti halina neno, hiyo inanipa imani kuliko neno lolote utakaloniandikia.

Presha. Cha kwanza, usiruke kidonge siku ya safari. Kuna watu wanaacha kwasababu dawa inawapeleka chooni na msituni hakuna choo, hilo ni kosa kubwa. Kama dawa yako ni ya aina hiyo ya kukojoza muulize daktari wako namna ya kupanga muda na kiasi cha maji, usijipangie. Na kama unatumia dawa zinazopunguza mapigo ya moyo, jua kwamba ile saa ya mkononi inayohesabu mapigo haitakwambia ukweli, inaweza kusoma mapigo machache na wewe umechoka kweli kweli. Tumia kipimo cha mdomo: kama huwezi kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi, unaenda haraka, punguza. Daktari mwambie maneno haya haya, kwamba unataka kupanda mpaka karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari kwa saa mbili tatu za nguvu, akupime, aseme ndio au hapana. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, kichwa kinachogonga kwa nguvu, mdomo au mkono kulegea upande mmoja, hizo sio za kupumzika dakika tano na kuendelea, mnageuza na kutafuta hospitali.

Huo urefu nao usiudharau kwasababu tu sio Kilimanjaro. Wewe unatoka Dar usawa wa bahari. Kule juu kila pumzi unayovuta ina hewa ya oksijeni pungufu kama robo ukilinganisha na ya Kariakoo, kwahiyo utahema hata kwa mwendo ambao Dar ungeupiga huku unaongea na simu. Mbeya mjini penyewe ni mita 1,700 hivi, ukilala usiku mmoja au miwili mwili unaanza kuzoea. Msifanye ule mtindo wa kushuka na basi la usiku asubuhi moja kwa moja mlimani, hamjalala, miguu imevimba kwa kukaa. Naona watu wanafanya hivyo kila sikukuu na wanarudi wakisema Ngosi ni ngumu, Ngosi haijafanya kitu, ni basi.

Kuhusu Pasaka. Kule mvua inaanza Novemba hivi inaenda mpaka mwezi wa tano, na wilaya ya Rungwe ni moja ya sehemu zinazonyeshewa sana nchi hii. Mwezi wa nne uko ndani ya mvua kabisa. Nyinyi mna mtoto wa shule, mwezi wa sita kuna likizo, kwanini msisogeze? Kuanzia mwishoni mwa mwezi wa sita mpaka wa kumi njia inakuwa imekauka kiasi. Nasema kiasi, mana ni msitu wa ukungu, hata kiangazi kuna sehemu zina tope. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba kule Uporoto inauma sana, jiandaeni, ila baridi unavaa koti ikaisha, tope huna la kulifanya.

Kama Pasaka haisogei, nendeni tu, ila mkubaliane kabla ya kutoka Dar kwamba mnaishia ukingoni. Kabla ya kutoka Dar, narudia, mana mkifika pale juu mume na kijana wataliona ziwa liko pale chini kijani limetulia watasema "tumetoka mbali bwana" na wewe utaona aibu kuwa mzigo. Na mkigawanyika, wao washuke wewe ubaki, hakikisheni mna waongozaji wawili, usibaki peke yako ukingoni saa mbili tatu kwenye ukungu.

Na kama hamu yenu ni kushika maji ya ziwa la volkano, basi kuna Ziwa Masoko, kusini ya Tukuyu, nalo ni la volkano, dogo, na gari linakufikisha karibu kabisa. Wajerumani waliweka ngome pale kabla ya vita vya kwanza na jengo lao la mawe bado lipo, wazee watawahadithia hela za Kijerumani zilizotupwa ziwani. Siku ya mvua mimi ningependa familia Masoko kuliko familia iliyokwama kwenye ukuta wa Ngosi.

Haya, gesi. Dada wa ofisini ana ukweli kiasi ila ameuchanganya. Ngosi ni volkano, na inakadiriwa mlipuko wake wa mwisho unaojulikana ulikuwa karne ya 15, kwa volkano huo ni muda mfupi. Eneo lote la Rungwe lina hewa ya ukaa inayopanda kutoka ardhini, kule upande wa mlima Kyejo kuna kiwanda kinaivuna na kuiuza, ni ile ile inayotiwa kwenye soda. Haina harufu, kwahiyo pua haitakuonya, na ikiwa nyingi inaweza kukuangusha hapo hapo. Shida yake ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwahiyo pasipokuwa na upepo inajaa sehemu za chini kama maji kwenye bakuli na kuisukuma nje hewa unayoihitaji. Wenzetu wa Goma wanaijua vizuri, wanaiita mazuku, inaua mbuzi na hata watu wanaoingia kwenye vishimo asubuhi kabla jua halijapasha ardhi. Na ile habari inayozunguka ya ziwa lililoua watu ni Ziwa Nyos la Kameruni, mwaka 1986, ambako gesi ilikusanyika kwenye kina ikatoka kwa mkupuo usiku ikaua watu kama 1,700. Hiyo ni Nyos, sio Ngosi.

Kwako wewe maana yake ni ndogo lakini ni ya kufuata. Msilale wala kupiga hema pale majini. Msiwahi sana asubuhi kushuka, subirini jua na upepo. Kijana asiingie kwenye shimo au pango, na mkimkuta ndege au mnyama amekufa kwenye bonde, mnapita mbali. Maji msinywe, yana chumvi na gesi kutoka chini. Kuogelea pia hapana, kina kinazidi mita 70, kingo zinadondoka ghafla, na hakuna wa kuwaokoa. Na kuhusu wenyeji kutoliamini, wana hadithi zao na heshima zao kwa ziwa lile, mwongozaji akisema hapa tunanyamaza au hapa haturushi mawe, nyamazeni na msirushe, haigharimu kitu. Watawaambia pia kwamba limekaa kama ramani ya Afrika. Mimi nimeangalia sana, Afrika naiona nikisaidiwa, Madagaska sijaiona.

Mavazi sasa. Sendo za shemeji zisahau. Mnahitaji kiatu chenye meno chini kinachoshika kifundo, na sio lazima kipya cha bei mbaya, buti za mtumba pale soko la Mwanjelwa Mbeya zipo nzuri tu, ila uzivae siku kadhaa kabla. Kata kucha za vidole vya miguu, kwenye kushuka vidole vinagonga mbele na kucha ndefu zinatoka nyeusi. Jinzi usivae, ikilowa inakuwa nzito na haikauki. Fulana ya pamba nayo inakaa na jasho mgongoni, ukisimama ukingoni na upepo ule unatetemeka, ile maji iliyoko kwenye nguo inanyonya joto la mwili wako. Vaa jezi ya mpira, sitanii, ya Yanga au Simba shauri yenu, inakauka haraka. Juu yake sweta au fulana nzito, na koti la mvua hata kama Mbeya mjini jua linawaka. Suruali ndefu uichomeke kwenye soksi, kuna majani yanawasha pembeni ya njia na kuna siafu, siku moja ya siafu ndani ya suruali hutasahau. Glovu nyepesi za bustani zitakusaidia kwenye mizizi.

Fimbo ni lazima kwako, mbili ni bora. Ulizeni pale kijijini mnapoanzia, msikate msituni, ni hifadhi ile na miti yake inalindwa. Fimbo zinatoa sehemu ya mzigo kwenye goti. Kwenye kushuka hatua fupi fupi, goti limekunjwa kidogo, pinda kulia kushoto usishuke nyoofu, na usifunge breki kwa kisigino.

Maji lita moja na nusu mpaka mbili kila mtu. Chakula kitu cha kuliwa kwa mkono, mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi, chapati, viazi vya Isongole vilivyochemshwa na chumvi vinafaa kuliko biskuti zote. Tochi, dawa zako za siku mbili kwenye mfuko usiopitisha maji, mfuko wa taka. Simu iwe na chaji ila usiitegemee kwa mtandao.

Kibali mnakata kwa wakala wa misitu, TFS, malipo yanapita kwenye namba ya malipo ya serikali na unapewa risiti, asikwambie mtu umpe mkononi mambo yaishe. Mwongozaji mchukue wa pale pale kijijini anayetambulika, hata kama mume wako anasema njia inaonekana. Njia inaonekana mpaka ukungu ushuke, ukishuka humuoni mtu aliye hatua kumi mbele yako.

Muda: anzeni kutembea saa tatu asubuhi, na kama ni safari ya kiangazi ya kushuka majini, mwekeane kwamba saa nane mchana popote mlipo mnageuza. Popote. Giza la msituni linaingia kabla ya giza la barabarani. Kijana wa miaka 11 usiogope hatachoka, hofu yangu kwake ni kwamba atakimbia kwenye kushuka, kwahiyo mwongozaji mbele, kijana nyuma yake na haruhusiwi kumpita, kisha wewe, baba wa mwisho. Wewe ndio unaweka mwendo, sio wao. Mwambie kijana aangalie vinyonga, kuna mmoja mwenye pembe tatu anapatikana kwenye milima hiyo ya Uporoto na Rungwe, akimtafuta huyo hatakuwa na haraka.

Kitu cha mwisho, tiketi za kurudi Dar msikate za kesho yake. Misuli ya mapaja ikishafanya kazi ya breki siku nzima inauma zaidi siku ya pili kuliko siku yenyewe, na kukaa kwenye kiti cha basi kilomita mia nane na zaidi ukiwa hivyo, na presha, sio vizuri. Kaeni siku moja Tukuyu, mkaone Daraja la Mungu pale mto Kiwira, mtembee tembee kidogo, usiku wa pili ndio mpange safari, na kwenye basi kila linaposimama shuka unyooshe miguu.